Nondo wa Njano Walioniibia Mama

Kwa fundi mapazia,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini zitakukuta mzima, miguu imepungua kuvimba, na zamu za hospitali zimekuonea huruma kidogo. Kifua cha mume wako kimetulia? Na yule mpangaji wa juu yenu, bado anaburuta viti alfajiri kama anahamisha ofisi? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako mgongo unamsumbua kwa kubeba matofali kama kijana, na ukimwambia apunguze anasema nyumba za watu hazijijengi. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo mgonjwa, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Nikikupigia wewe utampigia Mama, na simu ya Mama siku hizi inapokelewa na wifi, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na wateja wake wote wa nywele wanachangia. Haya ni ya mimi na wewe.

Dada, Mama hataki kurudi nyumbani kwangu.

Unakumbuka alikwenda kwa mdogo wetu kukaa siku mbili tatu tu, mdogo wetu akiwa safarini na lori lake na mke wake ana mafua. Mafua yakapona. Lori likarudi, likapakia, likaondoka tena. Mama yuko palepale. Kila nikimuuliza atarudi lini, jibu ni moja: "Subiri kidogo, mwanangu, wadudu wangu hawa watoke kwanza."

Wadudu. Umesoma sawasawa. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja tulipompoteza Baba, mimi niliyemtengea chumba kikubwa kuliko changu, nimeshindwa na wadudu. Nilipomwambia shemeji yako kwamba Mama anafuga nondo, akaniuliza ni za milimita ngapi. Unajua akili za waashi. Nilimnunia siku nzima.

Acha nikueleze huyo mshindani wangu, maana najua utataka kumjua. Pembeni mwa baraza ya wifi kuna kichaka kikubwa cha majani mapana ambacho hakuna aliyekipanda. Kilijiotea penye maji ya kuoshea nywele, na wifi kwa uvivu wake hakukikata. Humo ndimo wanamokaa. Ni wadogo, Dada. Ukimweka mmoja juu ya ukucha wa kidole gumba, ukucha unabaki. Wana rangi ya njano, ile njano ya kiini cha yai la kuku anayejitafutia mwenyewe, na juu ya kila bawa kuna mistari miwili ya kahawia iliyopindapinda, kama mshono wa mkono wa mtu aliyekuwa na haraka. Ukingoni mwa bawa kuna manyoya mafupi yaliyokatwa sawa. Macho meusi. Pembe mbili nyembamba kama uzi wa kudarizi, kazilaza mgongoni. Akitua hasimamishi mabawa kama kipepeo. Anayatandaza bapa, pembetatu kamili, na hapo ametulia.

Mchana kutwa anajificha chini ya jani. Ukiligusa anachomoka, anaruka ovyo kama mtu aliyeamshwa ghafla, anajitupa chini ya jani jingine. Ndiyo kazi yake yote mpaka jua lizame. Ukimshika anakuachia unga wa njano kidoleni, kama umetoka kupima bizari. Nakiri ni mzuri. Nimemtafuta kasoro nikakosa, na hilo nalo limeniudhi.

Uzuri wenyewe haukai. Ni siku chache tu. Jike anataga mayai upande wa chini wa jani, bapa, yamelaliana kama magamba ya samaki, kisha mabawa yanachanika, na asubuhi wifi anamfagia pamoja na nywele za watu. Mayai yanatoa viwavi, mwanzoni kama vipande vya uzi, kijani kilekile cha jani, kichwa kidogo cheusi. Na kiwavi huyo ni fundi, Dada. Hilo ndilo limenimaliza. Anatoa uzi mdomoni, anauvuta ukingo huu wa jani na kuuunga na ule, anarudia, anarudia, mpaka jani lote limejikunja naye yumo ndani. Anakula ukuta wa nyumba yake kwa ndani, akiumaliza anahamia jani jingine na kushona upya. Hana futi, hana chaki, hana mteja anayemgongea mlango. Mimi nashona mapazia tangu sijaolewa, na sijawahi kukunja upindo ukanyooka vile bila kupiga pasi kwanza. Nimemwonea kiwavi wivu. Cheka, lakini ndivyo ilivyo.

Akishiba kabisa anajifungia humo ndani, anageuka kitu kigumu cha kahawia, kadiri ya mbegu ya tikiti. Baadaye kinapasuka, anatoka nondo, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyotolewa ndani ya begi, anakaa pembeni akijianika mpaka yamenyooka. Huko ndiko kutoka anakokungoja Mama. Tatizo ni kwamba hawaishi kutoka. Hawa wakitoka, wale wamekwisha taga. Kwa mwendo huo Mama harudi milele.

Sasa wifi. Mimi namwita Malkia wa Baraza, si mbele yake. Hukunipa jina la Sindano bure, kwa hiyo univumilie. Malkia anaamka jua limekwisha panda, vyombo vya jana vinamngoja, chai yake ni sukari iliyoonjeshwa maji. Lakini kila asubuhi, kabla hajanawa uso, anakwenda kichakani na kitana kimechomekwa nywelani, anafunua majani na kutangaza kama mtangazaji wa mpira: "Mama, yule mnene kahama! Mama, huyu wa chini anajifunga blanketi! Ah, Mama, mmoja katoka, njoo, njoo, njano tupu!"

Na Mama anacheka, Dada. Kile kicheko chake cha kujishika mbavu, ambacho kwangu nilidhani kimekwisha kwa umri. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi na mfuko wa machungwa mkononi, nikatamani kugeuza. Nikajisemea, anajionyesha tu huyu. Mambo yaliyo mbele ya uso wa Mama anamsimulia ya nini?

Tena anamtumikisha. Wateja wanaokuja kusuka wanakuja na nywele za zamani zinazotakiwa kufumuliwa, na anayezifumua ni Mama. Amekaa kigoda chake, kichwa cha mtu magotini, vidole vinakwenda vyenyewe, huku anamshauri mmoja kuhusu mume na mwingine kuhusu kikohozi. Nilipomwambia wifi kwamba mama wa watu si kibarua, Mama mwenyewe akanikata: "Niache, nina kazi." Kazi! Kwangu hakuwa na kazi hata moja. Nilihakikisha. Hata kushona, kazi aliyonifundisha yeye, nilimwomba apumzike tangu siku ule upindo wa pazia la mteja ulipokwenda upogo. Sindano zake nikaziweka juu ya kabati, kwa heshima zote.

Nikamshonea gauni, bluu iliyokolea, na mshono wa kifuani ambao ningemtoza mtu mwingine pesa ya maana. Akalipapasa, akasema "Zuri," akalikunja akaliweka kando. Kesho yake Malkia akamletea kitambaa cha kichwa cha kuokota sokoni, njano inayopiga kelele, kingo hata hazikupindwa. Mama akakiinua mbele ya dirisha, akakitazama, akakitazama tena, akasema, "Hii sasa ndiyo rangi." Nilikwenda kulia chooni, sikufichi.

Nina wivu, Dada, na sioni haya kuuandika. Lakini chini ya wivu kuna woga. Naogopa Mama atamalizia uzee wake katika nyumba ya mtu mwingine, akimwita mtu mwingine mwanangu, na mimi niwe mgeni wa kupiga hodi na kukaribishwa kiti. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Mwamuru arudi. Wewe ni mkubwa, tena muuguzi, maneno yako hayapingwi.

Nami nina mpango wangu, ila nikiutaja utanizuia. Naacha kidogo hapa, mwenye mapazia ya ukumbi anagonga.

Jumapili iliyofuata, meza ileile.

Dada, barua haikuondoka. Ilikaa chini ya vitambaa wiki nzima. Yale ya mwanzo nimeyaacha bila kuyafuta, uone nilivyokuwa.

Mpango ulikuwa huu: kama Mama hawezi kuwaacha wadudu, basi nitawahamisha wadudu. Nilikwenda wifi akiwa ametoka kununua nywele za kusukia, Mama amejilaza. Nikaichukua ile chupa yangu kubwa ya kioo ya vifungo, nimekwisha imwaga, nikakata kila jani lililokunjwa nililoliona. Nilikata kwa mkasi wa kitambaa, Dada, mkasi ambao shemeji yako akikatia karatasi hatulali kwa amani. Mdomo wa chupa nikaufunika kwa wavu wa pazia. Malkia aliporudi na mifuko yake alinikuta nimesimama na chupa kifuani, nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba moshi wa dawa zake za nywele unawaua viwavi, na kwamba kwangu watapata hewa safi.

Nilitegemea anirukie. Hakunirukia. Alimtazama Mama, aliyekuwa ameamka na amesimama mlangoni. Mama akasema, "Basi nitakwenda nao." Ushindi ulinipanda kichwani mpaka nikasahau kumshukuru mwenye nyumba. Malkia alimfungia Mama mzigo, na tulipofika barabarani akanivuta mkono akaninong'oneza, "Wifi, uwe unamwambia."

"Nimwambie nini?"

"Wanavyoendelea."

Nikaona ananifundisha kumtunza mama yangu mzazi. Nilimuaga kwa meno.

Ile siku ya kwanza nilikuwa na furaha ya kitoto. Mama amekaa karibu na cherehani, chupa mbele yake mezani, mimi nashona, tunaongea. Mara kwa mara anauliza, "Wanaendeleaje?" Nami mguu uko kwenye cherehani, macho kwenye mshono, najibu, "Si hao mbele yako, Mama." Anainama, anakaa kidogo, anasema, "Naam. Wanaendelea."

Hawakuwa wanaendelea. Majani niliyokata nao yalinyauka, nikawawekea ya ua wetu wa nyuma. Ni mapana vilevile, mabichi vilevile. Kwangu mimi jani ni jani. Hawakuyagusa. Walipanda kioo wakateremka, wakapanda tena. Wawili watatu walijikunja chini na kusinyaa. Kumbe mdudu huyo hali jani jingine ila la kichaka kilekile alichotagiwa. Umrundikie bustani nzima, atakufa njaa juu yake. Na mimi nilikuwa nimekwisha jisifu kwa kila aliyeingia kiwandani kwangu kwamba ninafuga.

Mchana mmoja nikaona niwajaribu na majani machanga. Niliwatoa wote kwa kijiko, nikaenda nao uani nyuma nikiwapachika mmoja mmoja. Chupa niliiacha mezani. Tupu, Dada, haina hata jani, nilikuwa nimeikung'uta. Shemeji yako akaingia kula, akamsalimia Mama, akamuuliza kwa utani kama vibarua wake wanafanya kazi au wanalala tu. Mimi nilikuwa narudi, nimefika mlangoni, viganja vimejaa viwavi.

Mama akaivuta chupa. Akaizungusha polepole, uso ukaikaribia mpaka pua ikagusa kioo.

"Wanakula vizuri," akasema. "Huyu wa chini ndiye mlafi. Amenona."

Shemeji yako aliitazama chupa, akanitazama mimi, akaweka kijiko chini. Mama akaendelea kuwasifu.

Nilisimama pale mlangoni na kila kitu kikanijia kwa pamoja. Ule mkono wake wa kupitisha ukutani akitembea, ambao mimi nilidhani anakagua vumbi langu, tena nikakasirika. Upindo uliokwenda upogo. Gauni la bluu alilolipapasa kama anapapasa mkate kujua umeiva. Na Malkia, kila asubuhi, na kitana chake kichwani, akipaza sauti.

Baada ya kula nilikaa sakafuni miguuni pake. Nikamwambia, "Mama, chupa haina kitu." Alikunja na kukunjua ncha ya kile kitambaa cha njano.

"Nilijua ungeniambia kwa sauti hiyo," akasema.

"Sauti gani, Mama?"

"Ya kumfunika mgonjwa shuka."

Kisha akanieleza, bila kulia, kama mtu anayeagiza vitu dukani. Kijani kwake ni ukungu. Bluu ni giza. Nyuso zimefutika, watu anawajua kwa hatua na kikohozi. Viwavi hajawahi kuwaona hata siku moja. Anawajua kwa mdomo wa wifi. "Lakini wale wakitoka, wanakuja njano," akasema. "Njano bado inanifikia. Wakiruka nawaona mwenyewe, hakuna anayenisimulia. Hujui raha yake wewe."

Ningepaswa kumkumbatia. Badala yake, Dada, unanijua, wivu ukanitangulia. Nikamuuliza kwa nini alimwambia Malkia akaniacha mimi, mtoto wa tumboni mwake.

"Sikumwambia. Aligundua mwenyewe, siku nilipomsuka mteja hewani. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema, basi Mama wewe ufumue tu, mimi nitakuwa nasema. Wewe ulininyang'anya sindano kabla hata hujagundua. Ungegundua, ungechukua nini? Kisu? Jiko? Mlango?"

Iliniingia na haijatoka. Nilitamani kumwambia kwamba nilifanya kwa mapenzi, nikaona hata hilo analijua, na ndilo lililomchosha.

Jioni hiyohiyo nikawarudisha wote, Mama na waliobaki hai. Malkia akapokea chupa, akaiinua kwenye mwanga, akapaza sauti, "Mama, wamerudi, wamekonda kama wametoka jela!" Mama akashika mbavu. Mimi hakunisema hata kidogo. Ningefurahi angenisema, ningepata pa kuanzia. Alinipa kiti, akaniletea ile chai yake, na nikainywa yote. Viwavi akawapachika kwenye majani yao, na kabla sijamaliza kikombe mmoja alikuwa amekwisha anza kuvuta uzi, anashona, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa nageukia kwako. Malkia hana breki mdomoni, na katika kunifariji akaropoka: "Hata Dada mkubwa alisema tusikwambie mpaka Mama atake mwenyewe." Dada. Wewe. Nimekaa hapa nikikuandikia umwamuru Mama arudi, na wewe uliyajua yote. Mdogo wetu anajua, mke wake anajua, wateja wa kusuka wanajua, na dada yangu aliye ng'ambo ya dunia anajua. Mimi ninayekaa mitaa miwili kutoka kwake ndiye mgeni. Nimekukasirikia, nakwambia wazi. Najua utasema uliogopa ningelia na kumfungia Mama ndani kama chombo cha udongo. Ni kweli, ningefanya hivyo. Bado ulipaswa kuniambia.

Ile amri niliyokuomba, usiitoe. Akae pale anapotaka. Mimi nakwenda kila nikifunga kazi, nakaa kwenye ngazi, najifunza kutangaza. Sina kipaji. Jana nilisema, "Kiwavi mmoja yupo kwenye jani," na baraza nzima ikaguna, Malkia akaniambia hata tangazo la msiba lina ladha kuliko hilo.

Kuhusu macho, Mama amekubali twende kwa daktari. Nadhani ni mtoto wa jicho, lakini sitaki kubashiri. Wewe ni muuguzi; niandikie tuulize nini, na atunzwe vipi wakisema watamfanyia upasuaji. Niandikie mimi, tafadhali, si Malkia. Hilo nakuomba kwa magoti.

Nina jambo moja la mwisho, na usimcheke mdogo wako. Katikati ya wiki nilikwenda kwa muuza vitambaa nikachagua njano kali kuliko zote alizokuwa nazo, ile ambayo hakuna mteja wangu angekubali hata kwa pazia la jikoni. Nikajishonea gauni, refu, la mikono mipana. Shemeji yako aliniuliza kama nimepata kazi ya kuongoza magari.

Leo asubuhi nimelivaa nikaenda. Baraza ilikuwa imejaa. Nilivua viatu mbali, nikatembea juu ya majani laini ili hatua zangu zisisikike, na kikohozi nikakimeza. Malkia aliniona, akafungua mdomo kunitangaza kama anavyomtangaza kila anayeingia. Hakuwahi. Mama aliinua kichwa, vidole vikaachia nywele za mteja. Alinitazama. Si mlango, Dada, si upande wa sauti. Mimi.

"Ee," akasema, "na hili likubwa hivi limetoka jani gani?"

Watu walicheka mpaka mteja akaomba maji. Malkia alifunga mdomo wake, na nakiri mbele ya Mungu kwamba nilimtazama usoni kuhakikisha ameufunga. Kisha nikakaa chini pale miguuni pa Mama, akanishika begani bila kupapasa.

Nisalimie mume wako na kifua chake, wanao wote wawili, na huyo mpangaji wa viti kama mnasalimiana. Mdogo wetu akirudi na lori nitampa salamu zako. Malkia anakusalimu; ameniambia niandike hivyo, nami nimeandika. Mama anasema uvae soksi nzito. Mungu akulinde katika zamu zako, akupe usingizi wa kutosha, na akukalishe hai na mzima mpaka siku utakayopanda ngazi za baraza ile. Siku hiyo usivae bluu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimekununia,

Sindano